Ulinganisho: SYBR Safe, GelRed, GelGreen au tubaki na ethidiamu?

pipeti_mkononi
Wakuu, salaam. Maabara yetu inataka kuachana na ethidiamu bromidi, rangi inayoshikana na DNA na kung'aa ili tuione, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupendekeza mbadala. Kazi zetu ni za aina mbili: kukagua mazao ya PCR (DNA iliyonakiliwa kwa wingi) karibu kila siku, na kukata bendi, yaani mistari ya DNA iliyotenganishwa kwa urefu, kwenye jeli ya agarosi ili tuziunganishe na plasmidi (DNA ya duara inayobebwa na bakteria). Nimepitia maelezo ya SYBR Safe, GelRed na GelGreen. Zote zinajiita salama na zote zinadai kuona DNA kidogo sawa na ethidiamu au hata zaidi. Aliyezitumia kwa muda anisaidie: tofauti iko wapi hasa? Taa tuliyo nayo ni ya UV, nanometa 302.

benchi_la_kona
Mkuu, anza na taa, rangi itafuata. Watu wanaogopa chupa ya ethidiamu, wakati kinachounguza macho na ngozi, na kinachoharibu DNA unayotaka kuikata, ni ile UV iliyo chini ya jeli. Kwa nanometa 302, thaimini mbili zilizo jirani kwenye uzi mmoja hushikana, na kipande chenye majeraha hayo ukikiunganisha na plasmidi bakteria hukikataa. Ukichelewa na wembe kwa dakika moja tu juu ya taa hiyo, koloni za kesho yake, yaani vikundi vya bakteria waliopokea plasmidi, zinapungua vibaya mno. Halafu mtu analaumu ligesi, kimeng'enya cha kuunganisha DNA.

Kwa hiyo kwa kazi yako ya pili jibu langu halina kigugumizi: nunueni taa ya buluu, ya nanometa 470 hivi, pamoja na kichujio cha rangi ya chungwa. SYBR Safe hupokea mwanga vizuri zaidi karibu na nanometa 502 na kuutoa karibu na 530, kwa hiyo buluu inaiwasha na kichujio kinazuia buluu hiyo isikufikie. Unakata bendi taratibu, uso haujafunikwa ngao, na DNA inatoka nzima. GelGreen nayo huwaka kwa buluu. GelRed hapana, hiyo ni ya UV kama ethidiamu. Majina yanafanana, matumizi hayafanani.

agarosi_ya_moto
Naheshimu mawazo ya wenzangu, lakini ethidiamu inasingiziwa mengi. Hii ni dawa ya mifugo, jamani. Kwa jina la homidiamu imetumika tangu miaka ya 1950 kutibu ng'ombe wenye nagana, ugonjwa unaosambazwa na mbung'o, kwa kipimo cha miligramu 1 kwa kila kilo ya mnyama. Jeli yetu ina mikrogramu 0.5 tu kwa mililita. Bendi ya nanogramu 1 hadi 5 inaonekana, bei ni ndogo kuliko hizo nyingine zote, na bendi hazipindi. Kwa kukagua PCR sioni sababu ya kuihama.

mlinzi_wa_benchi
Hoja ya ng'ombe ni ya kweli, ila inajibu swali jingine. Jeli iliyokwisha kugandishwa siyo inayonitia wasiwasi. Chupa ya akiba ya miligramu 10 kwa mililita ina nguvu mara 20,000 ya kilichomo kwenye jeli, na anayepima unga wake kwenye mizani anaweza kuuvuta puani. Hapo ndipo hatari ilipo. Kama mtabaki nayo, nunueni iliyokwisha kuyeyushwa, unga usiingie kabisa mlangoni, na vaeni glavu za nitraili.

Na tuseme wazi neno "salama" linapimwa vipi. Kipimo kinachotajwa ni jaribio la Ames: bakteria wa Salmonella wanawekewa kemikali, mara nyingi pamoja na vimeng'enya vya ini la panya, kisha wanahesabiwa waliobadilika jeni. Ethidiamu ikichanganywa na vimeng'enya hivyo hubadilisha jeni waziwazi. SYBR Safe hutoa mabadiliko machache zaidi. GelRed na GelGreen zimeundwa ziwe molekuli kubwa zisizopenya utando wa seli, na watengenezaji wake wanaonyesha matokeo hasi. Huo ni usalama wa kweli, ila una mpaka: rangi isiyofika kwenye DNA ya seli haiwezi kuidhuru, na bado ni rangi iliyotengenezwa ishikane na DNA. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba SYBR Green I, rangi nyingine ya DNA ambayo peke yake ni dhaifu kwenye Ames, iliongeza madhara ya UV kwa bakteria. Glavu hazivuliwi kwa sababu ya maandishi ya kwenye chupa.

pipeti_mkononi
Nashukuru sana. Kuna mwenzetu alijaribu GelRed kwingineko, anasema bendi zilivimba na kutambaa kama wino uliomwagika, hadi leda (DNA ya urefu unaojulikana, ya kulinganishia) haikusomeka. Ni rangi au ni yeye?

vishimo_kumi
Ni rangi ikikutana na DNA nyingi. Nimeipenda GelRed kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Molekuli yake ni kama ethidiamu mbili zilizofungwa pamoja. Inashika DNA kwa nguvu, na kwa ukubwa wake inaichelewesha kutembea. Ukiichanganya ndani ya jeli kisha ukapakia nanogramu 500 za plasmidi iliyokatwa kwenye kishimo kimoja cha jeli, bendi hupinda kwenye kingo, ukungu hutanda nyuma yake, na urefu unaousoma kwa leda si wa kuaminika. Shusha hadi nanogramu 50 au 100 kwa kishimo, mara nyingi tatizo linaisha.

Ila njia ninayoiamini zaidi ni kuendesha jeli bila rangi yoyote, kisha kuiloweka. Weka GelRed ya 3X (mara tatu ya mkolezo wa kawaida wa kazi) kwenye maji, ongeza chumvi ya kawaida ifike mola 0.1 kwa lita, jeli izame humo dakika 30 juu ya kitikisio cha polepole. Huhitaji kuisuuza. Bendi zinatoka nyembamba na zimenyooka, kwa sababu zilitembea zikiwa DNA tupu. Maji hayo yanaweza kutumika tena ukiyahifadhi gizani. Hasara ni hiyo nusu saa, na kwa mtu anayetaka kujua haraka kama PCR imeshika, nusu saa inaudhi.

Faida nyingine isiyosemwa: inavumilia joto. Unaweza kuitia kwenye agarosi iliyotoka sasa hivi kwenye maikrowevu.

benchi_la_kona
Naongezea kuhusu DMSO, kiyeyusho cha baadhi ya rangi hizi, maana hili huachwa. SYBR Safe huja ikiwa imeyeyushwa kwenye DMSO, na DMSO hupenya ngozi na kuvusha vilivyomo. Huganda pia kwenye nyuzi 18 hivi, kwa hiyo chupa iliyokaa mahali pa baridi inaweza kuonekana nusu kimiminika, nusu barafu. Ukivuta na pipeti wakati huo unapata rangi pungufu leo na iliyozidi kesho. Iache iyeyuke yote, ichanganye, izungushe kidogo kwenye sentrifuji, ndipo uifungue. GelRed ya maji haina usumbufu huo, na kwangu hiyo ni sababu nzito ya kuichagua ile ya maji.

agarosi_ya_moto
Hoja ya taa nimeikubali, kwa kukata bendi sitabishana tena. Lakini msimfiche: kwenye bendi hafifu sana, SYBR Safe kwa taa ya buluu haijawahi kunipa picha kali kama ethidiamu kwa UV. Anayetafuta DNA kidogo mno atazame SYBR Gold, ya kulowekea baada ya jeli kutembea.

pipeti_mkononi
Basi nitapendekeza hivi: taa ya buluu na SYBR Safe kwa bendi za kukatwa, GelRed ya maji kwa ukaguzi wa PCR kwenye UV tuliyo nayo. Swali la mwisho: ethidiamu iliyobaki na jeli zake tufanye nini? Kuna aliyesema tumwagie dawa ya klorini.

mlinzi_wa_benchi
Klorini usiiguse. Rangi ya chungwa inapotea na mtu anadhani kazi imekwisha, kumbe mabaki yake yanaweza kubadilisha jeni vilevile. Bafa (maji ya kuendeshea jeli) yenye ethidiamu ipitishe kwenye mkaa ulioamilishwa, ambao huinasa rangi, kisha mulika maji hayo kwa UV uone kama bado yanang'aa. Mkaa huo, jeli na chupa ya akiba viende pamoja kwenye pipa la taka za kemikali, vikiwa na lebo. Na kabla ya kuleta rangi mpya, mulika benchi, vishikio vya droo na kitasa cha mlango taa za chumba zikiwa zimezimwa. Panapong'aa chungwa panafutwa kwa karatasi na maji, tena na tena, hadi pawe giza.