Mrejesho: Fukusi na gugu maji bwawani
Ndugu zangu, niliwauliza mwezi Machi iwapo fukusi wa Neochetina, wadudu walao gugu maji, wale walioachiliwa Ziwa Victoria upande wa Kenya mwaka 1997, wangelimaliza gugu maji katika bwawa letu la kunyweshea mboga hapa Karen, Nairobi. Miezi mitano baada ya mtafiti kutuletea, majani yana makovu ya kahawia, na nilipopasua kikonyo kimoja nilimkuta buu mweupe akichimba kuelekea chini, lakini bwawa lingali kijani. Basi gugu lenyewe tumeling'oa sehemu kubwa kwa reki, tukiwaachia fukusi ukingo mmoja wasife njaa. Dawa ya kuua magugu nimeikataa, kwani maji hayo hayo hunywesha sukuma wiki. Kinacholirutubisha gugu hilo, naona, ni samadi itiririkayo kutoka zizini. Mtaro wa kuikinga tunauchimba wiki hii.