Nilitoa sadaka bila jina, halafu nikamkanyaga mke wangu mguu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kwa aibu, mnivumilie.

Usharikani kwetu sikukuu ya mavuno huwa na mnada baada ya ibada, pale nje chini ya mti. Mikungu ya ndizi, mayai, miwa, kuku. Mwaka jana nilinunua jogoo kwa 150,000. Jogoo mmoja, tena chongo. Kuna mzee alikuwa anapandisha dau, watu wanashangilia, nami nikashindwa kunyamaza. Wiki hiyohiyo mwanangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Baadaye mchungaji akahubiri Mathayo 6, habari ya kupiga panda, yaani tarumbeta, ukitoa sadaka. Ikanichoma. Nikatia laki mbili kwenye bahasha ya ujenzi, penye jina nikaandika "Msharika". Jumapili iliyofuata matangazo yakasomwa: fulani elfu ishirini, fulani elfu hamsini, "Msharika, laki mbili." Makofi! Mke wangu naye anapiga, hajui. Wapendwa, nilimkanyaga mguu. Akadhani namsonga, akasogea.

Sasa wananitaka niwe mwenyekiti wa harambee ya kuezeka. Nikatae? Naogopa hakuna ninachomfanyia Mungu peke yake.

Fundi Bati
Jogoo aliliwa au bado yupo?

Mama Pacha
Kaka yangu, pole, ila umenichekesha hadi chai imemwagika. Anza na ada ya mtoto. Hiyo hakuna wa kuipigia makofi.

Chumvi Kidogo
Mimi napingana na hofu yako. Kanisa letu limeezekwa kwa minada hiyohiyo. Mathayo 5:16 inasema watu wayaone matendo yenu mema. Mkijificha wote, nani ataleta bati?

Mtoa mada
@Fundi Bati yupo, anawika saa tisa usiku kunikumbusha.

Mzee wa Jumuiya
Chumvi Kidogo, malizia mstari: "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Hapo ndipo penye kazi.

Mwanangu, soma Matendo 4 mwishoni uunganishe na 5. Barnaba aliuza shamba, akaweka fedha miguuni pa mitume, na jina lake tunalo mpaka leo. Hakujificha, wala hakukemewa. Anania naye akauza, akaleta sehemu, akataka ionekane kaleta yote. Petro akamwambia wazi kwamba mali ilikuwa yake, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Hakudaiwa! Alichotaka ni sifa ya Barnaba kwa bei ya punguzo. Kwa hiyo usihangaike sana na bahasha kuwa na jina au kutokuwa nalo. Wewe uliificha, na moyo ukaenda kupiga panda kwa kisigino.

Sauti ya Nne
"Panda kwa kisigino" 😂😂

Mwalimu wa Kwaya
Nikuongezee la upande wetu. Bach, yule mtunzi Mjerumani, alikuwa akiandika herufi tatu mwishoni mwa nota zake za kanisani: S.D.G., Kilatini cha "kwa Mungu peke yake utukufu". Waliokaa kwenye mabenchi hawakuziona. Lakini msimfanye malaika: mwaka 1730 aliwaandikia wakubwa wa mji wa Leipzig kulalamika kwamba waimbaji na wapigaji wa vyombo hawatoshi. Kazi ya Mungu aliidai ifanywe vizuri, hadharani. Uenyekiti chukua, ila msomaji wa majina awe mtu mwingine.

Chumvi Kidogo
Hapo kwa Anania nimekubali. Mnada bado naupenda.

Mama Pacha
Na mkeo mwambie ukweli kuhusu huo mguu.

Mtoa mada
Mrejesho. Ada nimemalizia jana, risiti ninayo. Uenyekiti nimeomba niwe mjumbe tu kwanza, nihesabu misumari. Mzee, Matendo 5 nimeisoma mara tatu, sikulala vizuri.

Mama watoto nimemwambia yote. Akacheka sana. Kisha akanyamaza, akaniuliza hiyo laki mbili niliitoa wapi.