Mjadala: Je, mpagazi apewe pointi katika vita vya mezani vya Tanga?

Fundi wa Kisosora
Wanajamvi, naomba mawazo yenu. Tunacheza mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kwa visanamu vya milimita 28, na kikundini kwetu kumezuka ugomvi. Nilichukua askari wa Mjerumani wa bati, nikamkata bunduki kwa koleo dogo, nikaiondoa mifuko ya risasi kifuani kwa tupa, kisha nikamtoboa bega kwa drili ya mkono na kumpachika mkono mpya ulioinuliwa, unaoshikiliwa na pini ya waya wa shaba. Mzigo wa kichwani nimeufinyanga kwa udongo wa kijani, ule unaochanganywa wa manjano na wa buluu, nikaufunga kwa uzi mmoja wa waya nilioutoa katika kebo ya simu. Buti nimezichonga hadi vikaonekana vidole, kwa kuwa askari wetu wote wa zama zile walikwenda peku. Wenzangu wanakataa kumpa mpagazi huyu hata pointi moja, eti hapigani. Nauliza: vita vya Afrika Mashariki bila wapagazi vilikuwa vita gani?

Bin Raskazone
Ndugu yangu, pointi zitasubiri, maana umeandika jambo lisiloweza kuachwa lipite. Askari wa Mjerumani hakwenda peku. Alivaa buti za ngozi, akajizungushia vitambaa miguuni hadi chini ya goti, na kichwani alikuwa na tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo. Waliokwenda peku walikuwa Keya, askari wa King’s African Rifles, upande wa Mwingereza. Kumchonga vidole askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, ni kumvua heshima yake.

Mjukuu wa Keya
Heshima ya buti! Babu wa baba yangu alikuwa Keya, na kwa miguu hiyo hiyo mitupu wenzake waliwafukuza wenye buti zao mpaka wakavuka Ruvuma. Tena tusisahau kwamba kombania nyingi za Mjerumani ziliingia vitani na bunduki ya mwaka 1871, ambayo kila ikilia hutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui mpigaji alipolala. Ukitaka usahihi, Fundi, mwekee huyo mwenye buti pamba ya moshi mdomoni mwa bunduki.

Karani wa Kanuni
Napendekeza kwamba kombania isiyo na wapagazi iishiwe risasi baada ya zamu tatu. Hapo mpagazi atakuwa na thamani mezani bila kuhitaji kushika silaha.

Bin Raskazone
Kuvuka Ruvuma si kushindwa, Mjukuu. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Na hapa tunazungumzia Tanga, ambako Keya hawakuwepo kabisa. Waliotua Ras Kasone walikuwa wanajeshi waliotoka India, kama 8,000 hivi, wakakabiliwa na watu wapatao 1,000, na bado wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na masanduku ya risasi.

Mjukuu wa Keya
Walirudishwa na nyuki, si na buti. Mzee mmoja alitusimulia kwamba Wajerumani waliifunga mizinga ya nyuki kwa kamba ili adui akijikwaa tu, nyuki watoke.

Bin Raskazone
Hiyo ni hadithi ya aliyeshindwa. Nyuki walichokozwa na risasi, wakawauma wa pande zote mbili bila kuuliza nani ni wa nani.

Bibi wa Kariakoo
Nimesoma tangu juu na nimesikitika. Mtaa ninaoishi umepata jina lake kwa hao wapagazi, Carrier Corps, Kariakoo, nanyi mnagombania buti na nyuki. Waliokufa kwa wingi kuliko askari ni wao, kwa kuhara, homa na njaa, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Sanamu ya Nairobi angalau imemweka mpagazi pamoja na wapiganaji. Hii yetu ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina askari peke yake na singe yake. Leo watu wazima mnawageuza wanasesere na kuulizana wana pointi ngapi.

Fundi wa Kisosora
Mama yangu, shikamoo. Mengine yote nayapokea, lakini neno wanasesere limenichoma. Mikunjo ya shuka yake pekee imenichukua usiku mbili, kwa sababu udongo ule usipolowesha kifaa chako hunata, na ukiusubiri sana hugoma kufuata mkono. Ngozi yake sikuipaka nyeusi ya masizi, kama wanavyofanya wasiotutazama vizuri. Nilianza na kahawia nzito, nikamimina rangi ya majimaji yenye wekundu ili itulie chini ya mashavu na kati ya mbavu, kisha nikapandisha mwanga kwa kahawia iliyotiwa manjano kidogo kwenye paji, pua na vifundo vya vidole. Mtu hamfanyii mwanasesere hayo. Picha ni hiyo hapo juu, itazameni wenyewe.

Bin Raskazone
Picha nimeitazama. Huyo ni mpagazi, hivyo peku inamfaa. Lakini sentensi ya “askari wetu wote” bado hujaifuta.

Bibi wa Kariakoo
Marahaba, mwanangu. Nami nimeivuta picha hiyo karibu. Uso umeupata, na ile shingo iliyokaza chini ya uzito umeipata vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini sanduku umemwekea juu ya utosi mtupu. Kata iko wapi? Hakuna mtu aliyetembea siku nzima na mzigo kichwani bila kata, iwe ya majani au ya kitambaa. Ng’oa mzigo huo, msokotee kata, ndipo umrudishie.

Fundi wa Kisosora
Gundi imekwisha kushika, Mama, nitalazimika kuukata kwa wembe. Leo jioni nausokota udongo uwe kama uzi, nauzungusha mara mbili kichwani kabla haujakauka. Bin Raskazone, sentensi nitaifuta baada ya hapo.