Tangi la matumbawe nyumbani: lita 40 lililokwisha kutumika, au lita 120 la kutengenezewa na fundi?

Kibua — Jumamosi, saa 2:10 usiku
Habari zenu wanajukwaa. Nimefuga samaki wa maji baridi kwa miaka sita, na sasa nataka kuanza tangi dogo la maji ya chumvi lenye matumbawe laini na samaki wawili watatu. Nina njia mbili, na ninatakiwa kutoa jibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza ni tangi la lita 40 lililokwisha kutumika, lenye chujio mgongoni, taa na pampu yake, kwa shilingi 450,000. Ya pili ni fundi wa vioo anitengenezee la lita 120 kwa 280,000, ila hapo napata kioo kitupu na vifaa vyote nitajitafutia mwenyewe. Sebule yangu si kubwa. Ninyi mngechukua lipi?

fundi_kioo — Jumamosi, saa 2:41 usiku
La lita 120, bila kusita. Ila muulize fundi wako kioo ni cha milimita ngapi, kwa sababu tangi lenye kimo cha sentimita 45 mimi silitengenezi kwa kioo chini ya milimita 8. Silikoni nayo iwe ile isiyotiwa dawa ya kuvu, maana ile ya bafuni huwaua viumbe polepole na hutajua sababu. Halafu fikiria meza. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 120, na ukiongeza mawe, mchanga na kioo chenyewe unakaribia 170. Meza ya televisheni itapinda, na ikipinda kidogo tu, kona ya tangi ndiyo itakayolipa.

Mama Nuru — Jumamosi, saa 3:05 usiku
Ndugu Kibua, umetaja bei zote lakini umeacha mambo ambayo bila kuyajua hakuna awezaye kukushauri: uko mji gani, maji utayapata wapi, na umeme ukikatika kwa saa sita pampu itaendeshwa na nini?

Mimi niko Kigamboni na nilianza na lita 40, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kwa miezi kumi lilikuwa zuri la kupendeza, lenye uyoga wa baharini wa kijani (jamii ya matumbawe), kamba msafishaji mmoja, na kichaka cha xenia, tumbawe laini lililokuwa kikifumba na kufumbua vidole kutwa nzima. Nikapata msiba Tanga, siku tano. Niliacha madumu mawili, moja la maji ya bahari na jingine la maji matamu yaliyochujwa, nikamwonyesha kijana wa nyumbani alama ya kalamu kwenye kioo na kumwambia kwamba maji yakishuka chini ya hapo ajaze. Sikumwambia kwamba kinachokauka ni maji tu, na chumvi yote inabaki. Naye akafikiri, kwa akili nzuri kabisa, kwamba tangi la bahari hujazwa maji ya bahari. Feni ilikuwa ikipuliza juu ya maji usiku na mchana, na lita moja na nusu ilikuwa ikiondoka kila siku. Niliporudi, rifraktomita, kile kipima chumvi, ilisoma gramu 41 kwa kila kilo ya maji badala ya 35. Xenia ilikuwa imeyeyuka ikawa kama uji juu ya jiwe, konokono wamejifungia, kamba amelala ubavu. Kosa la pili ni langu mwenyewe: kwa haraka nikachota lita sita na kumwaga lita sita za maji matamu kwa mkupuo mmoja, na uyoga ulionusurika ukang'oka wote kabla ya asubuhi. Waliopona ni samaki wawili tu. Kijana sikumlaumu.

Mzee wa Bamvua — Jumamosi, saa 3:50 usiku
Poleni, Mama Nuru. Hata hivyo tangi dogo lina raha yake kwa mtu anayeweza kubeba dumu. Mimi niko Unguja, tangi langu la lita 90 lina mwaka wa nane, na sijawahi kununua hata kijiko cha chumvi ya dukani. Siri ni kuchota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa sababu hapo yanayofika ufukweni ni maji ya nje, si yale yaliyolala mikokoni. Masika usichote karibu na mlango wa mto. Maji ya mvua huelea juu, nawe utadhani umechota bahari kumbe umechota mvua yenye tope. Ukifika nyumbani yapitishe kwenye kitambaa, yafunike gizani siku chache, ndipo uyapime. Kuhusu joto, feni inatosha, ila usiache maji yazidi nyuzi 30 kwa muda mrefu. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa.

Kibua — Jumapili, saa 1:20 asubuhi
Samahanini, nilidhani nimekwisha kusema. Niko Arusha. Umeme ukikatika sina kitu kwa sasa, lakini nafikiria inverta ndogo. Nina binamu Tanga anayeweza kuniletea maji kwa basi, na amesema anaweza pia kuning'olea mawe mawili matatu yenye matumbawe hai.

Mzee wa Bamvua — Jumapili, saa 1:34 asubuhi
Arusha! Nimeeleza bamvua nzima kwa mtu wa mlimani.

Tasi wa Nyali — Jumapili, saa 3:15 asubuhi
Hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza, ndugu yangu, kwa sababu linageuza kila kitu. Wenzetu wanahangaika kupoza maji, wewe utahangaika kuyapasha: usiku wa Juni na Julai huko unahitaji hita ya kushikilia nyuzi 25, na umeme ukikatika lita 40 zitapoa haraka kuliko lita 120. Maji ya bomba ya Arusha yanajulikana kwa floridi. Ukijazia kila siku maji yasiyochujwa, maji hukauka na vilivyomo hubaki, kwa hiyo floridi, nitrati na fosfati hurundikana mwezi baada ya mwezi hadi mwani unafunika mawe yote. Nunua chujio la osmosi, lile linaloondoa vitu hivyo majini, kabla ya kununua samaki. Isitoshe, katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji hubeba oksijeni pungufu kuliko hapa Nyali, Mombasa, kwa hiyo pampu ielekezwe juu ili uso wa maji ucheze.

Maji ya Tanga yaache. Tangi la lita 120 linahitaji kubadilishiwa takriban lita 12 kwa wiki, na hizo unazipata kwa gramu zipatazo 430 za chumvi ya akwaria na maji yaliyochujwa. Kusafirisha madumu zaidi ya kilomita 400 kwa kazi hiyo ni kuchoma nauli.

Mzee wa Bamvua — Jumapili, saa 3:40 asubuhi
Chumvi ya mfuko haina uhai ndani yake. Maji ya bahari yana vijidudu ambavyo matumbawe huvila.

Tasi wa Nyali — Jumapili, saa 3:52 asubuhi
Vijidudu hivyo, Mzee wangu, baada ya safari ya siku nzima ndani ya dumu lenye joto vimekwisha kufa na kuoza. Anachopokea mtu wa Arusha ni amonia, sumu kwa samaki.

fundi_kioo — Jumapili, saa 5:08 asubuhi
Turudi kwenye swali. Mama Nuru mwenyewe ni ushahidi kwamba dogo halisamehe. Lita 40 zikipoteza lita tatu kwa siku tatu, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 38. Lita 120 zikipoteza hizo hizo tatu, haifiki hata 36.

Mama Nuru — Jumapili, saa 5:30 asubuhi
Hesabu yako ni sahihi lakini umeibeba upande mmoja, fundi. Tangi kubwa lina uso mpana, kwa hiyo hukausha zaidi. Tuseme lita sita kwa siku hizo tatu, chumvi inafika karibu 37. Kubwa bado ni afadhali, nakubali, ila tofauti si hiyo unayoiuza. Nasema unayoiuza kwa makusudi.

fundi_kioo — Jumapili, saa 5:44 asubuhi
Mimi niko Mwanza, Mama. Tangi la Arusha halitanipa hata shilingi.

Tasi wa Nyali — Jumapili, saa 6:10 mchana
Kibua, hujajibiwa kuhusu binamu, nami sitaki lipite kimya. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kwenye hifadhi, kama Bongoyo na Mbudya kwenu au Malindi na Watamu kwetu, hakuna ruhusa ya kung'oa chochote. Mwambie binamu yako aache. Tafuta mfugaji mwenzako akukatie kipande cha uyoga au cha xenia, vinaota upesi.

Mzee wa Bamvua — Jumapili, saa 6:35 mchana
Hapo naungana na Tasi. Kwa mawe, tumia mawe ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu, yale tunayojengea nyumba huku pwani. Chagua yenye matundu mengi na yasiyoguswa na saruji wala chokaa ya ujenzi, yaloweke kwenye maji matamu wiki kadhaa ukibadilisha maji, kisha pima fosfati. Hayana bakteria wa kuondoa amonia, kwa hiyo ukishayatia tangini ngoja wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, ndipo ulete samaki.

Kibua — Jumanne, saa 1:05 usiku
Asanteni sana. Leo nimekwenda kuliona lile la lita 40. Taa ni nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini kona ya nyuma, chini, kuna mstari mweupe wa chumvi iliyokauka kando ya silikoni. Muuzaji anasema ni matone yaliyokuwa yakirushwa na pampu.

fundi_kioo — Jumanne, saa 1:12 usiku
Pampu inarusha matone juu. Kona ya chini yanafikaje? Weka picha.

Mama Nuru — Jumanne, saa 1:30 usiku
Yanaweza kutiririka kwenye kioo hadi chini, langu lilifanya hivyo. Futa mstari kwa kitambaa chenye maji, lijazwe, liwekwe juu ya gazeti kavu kwa saa 24, uone kama kona ya gazeti italowa.

Kibua — Jumanne, saa 2:02 usiku
Amekubali kulijaza kesho asubuhi. Gazeti nakwenda nalo mwenyewe.