Tupeane uzoefu: soketi zisizosubiri kwenye C

mwanzisha_mada
Wakuu, heshima kwenu. Tukusanye hapa visa vya soketi (ncha za mawasiliano ya mtandao ndani ya programu) zilizowekewa O_NONBLOCK, alama inayofanya miito kama send ya kutuma na recv ya kupokea irudi mara moja badala ya kusubiri. Kuiwasha kwa fcntl ni mstari mmoja tu, kazi inaanza baada ya hapo.

Naanza. Nilikabidhiwa programu ambayo kila connect ikirudisha -1 inafunga soketi na kulalamika kwamba seva haipatikani, na seva yenyewe iko hai. Tukachapisha errno (namba ya kosa la mwisho), ikatoka EINPROGRESS. Maana yake ombi limeshatumwa, jibu bado liko njiani. Unatakiwa usubiri POLLOUT (ishara kwamba soketi iko tayari kuandikwa) kwa poll, mwito unaongoja soketi ziwe tayari, kisha uulize getsockopt kwa SO_ERROR, yaani kosa lililobaki kwenye soketi. Msiruke hatua hiyo ya pili, kwa sababu hata muunganisho uliokataliwa huonekana "tayari kuandikwa". Ukipata 0 umeunganishwa, ukipata ECONNREFUSED umekataliwa.

baiti_moja
Umenigusa mkuu. Kisa changu ni send. Faili ndogo zilikuwa zinafika salama, kubwa zinafika zimekatika. Bafa ya kerneli (hifadhi ya muda ya mfumo endeshi) ikikaribia kujaa, send huchukua baiti chache kuliko ulizompa na kurudisha idadi hiyo, na kwenye ile kodi hakuna aliyekuwa akiiangalia. Weka bafa yako mwenyewe, kumbuka ulipofikia, endelea POLLOUT ikija.

mlinda_seva
Na ukishamaliza kutuma, iondoe POLLOUT! Soketi karibu muda wote iko tayari kuandikwa, kwa hiyo poll inarudi papo hapo na prosesa inapanda hadi 100%. Strace, zana ya kufuatilia miito ya mfumo, huonyesha vizuri sana: poll, poll, poll, bila kazi yoyote katikati.

mgeni_wa_c
Samahani wakuu, recv ikirudisha 0 si ni sawa na EAGAIN?

mwanzisha_mada
Hapana ndugu yangu, na swali lako ni la msingi. Kwenye TCP, 0 ni kwamba mwenzako amemaliza kutuma, hakuna kitakachokuja tena. -1 yenye EAGAIN ni kwamba kwa sasa hakuna kitu, rudi baadaye. Ukizichanganya, ama unawafukuza wateja walio hai, ama unazunguka bila kikomo kwenye soketi iliyokwisha. Halafu errno ihifadhi kabla ya kuita printf, maana printf inaweza kuibadilisha.

kimya_kimya
Sisi tulikuwa na epoll (mwito wa Linux wa kazi ile ile ya poll) yenye EPOLLET, hali ya kujulishwa mabadiliko tu. Mteja anatuma ujumbe mrefu, seva inasoma kipande, kisha kimya hadi mteja atume kingine. Hali hiyo hukujulisha data mpya inapoingia, haikukumbushi ile uliyoiacha, hivyo lazima usome hadi upate EAGAIN. Tukaandika mzunguko huo, na seva nzima ikaganda kwenye recv! Kumbe kwenye Linux soketi inayotoka kwa accept (mwito wa kupokea mteja mpya) hairithi O_NONBLOCK ya ile inayosikiliza, kwa hiyo recv ilikuwa inasubiri. Tuliweka accept4, accept inayokubali alama, yenye SOCK_NONBLOCK ili soketi mpya isisubiri, wateja wote wakaanza kujibiwa.