Springfield, njiani kuelekea St. Louis

Mjomba: Shikamoo Baba, na salamu kwenu nyote. Tuliondoka Chicago alfajiri, na sasa tumesimama Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, ambapo tutakaa hadi jioni. Tumekwisha kuiona nyumba ya Abraham Lincoln. Aliinunua mwaka 1844 kutoka kwa mchungaji aliyemfungisha ndoa, akaishi humo na familia yake hadi alipokwenda Washington kushika urais mwaka 1861, na maishani mwake hakumiliki nyumba nyingine ya kuishi.

Babu: Marahaba, mwanangu. Je, wanatoza kiingilio?

Mjomba: Hawatozi, Baba. Robert, mwana wa Lincoln, alipoikabidhi nyumba kwa serikali ya jimbo mwaka 1887, aliweka sharti kwamba itunzwe vizuri na watu waingie bila malipo, na sharti hilo linaheshimiwa hadi leo. Ni nyumba ya mbao ya mwanasheria wa kawaida, na ghorofa yake ya juu ilikamilishwa mwaka 1856 watoto walipoongezeka. Humo ndimo alimofia mtoto wao Eddie mwaka 1850, kabla ya kutimiza miaka minne. Wanangu walinyamaza waliposikia hayo.

Mama Mkubwa: Ndugu yangu, nakuomba usiondoke mtaa huo kabla ya kusimama kwenye kiwanja cha Jameson Jenkins, kilicho hatua chache kusini mwa nyumba hiyo. Jenkins alikuwa Mweusi aliyejipatia riziki kwa kuchukua mizigo kwa gari la farasi, na alishiriki katika mtandao wa siri uliowasaidia watumwa kutoroka. Inaaminika kwamba ndiye aliyempeleka Lincoln kwenye kituo cha treni tarehe 11 Februari 1861, siku alipowaaga watu wa mji ambao hakuuona tena akiwa hai. Nyumba ya Jenkins haipo tena, na ninahofu kwamba wageni wengi hupita hapo bila kuuliza.

Mpwa: Mjomba, tafadhali nipigie picha ya Bunge la zamani. Nimesoma kwamba ndipo Barack Obama alipotangaza kugombea urais tarehe 10 Februari 2007.

Mjomba: Ndipo tulipo sasa, mpwa wangu. Humu ndimo Lincoln alimotoa hotuba yake ya Juni 1858, akisema kwamba nyumba iliyogawanyika dhidi ya nafsi yake haiwezi kusimama, na humu ndimo mwili wake ulimolazwa Mei 1865 ili wananchi wamuage. Jengo lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya katika miaka ya 1960, lakini kuta za nje ni za mawe yale yale.

Babu: Siku ile ya mwaka 2007 tuliifuatilia redioni, nasi tulijua kwamba baba yake alizaliwa huku kwetu Kenya. Mwambie mjukuu wangu mdogo asimame pale aliposimama yeye, nawe umpige picha.

Mjomba: Nitafanya hivyo, Baba. Kisha watoto wanataka twende moja kwa moja kwenye kaburi la Lincoln, kwa sababu wamesikia kwamba wageni huigusa pua ya sanamu yake ya shaba ili kupata bahati, hata imekuwa ikimeremeta.

Mama Mkubwa: Kaburini nendeni, lakini piteni kwanza mahali palipohifadhiwa kwa kumbukumbu ya machafuko ya Agosti 1908. Umati wa Wazungu ulitaka kuwatoa gerezani wanaume wawili Weusi walioshtakiwa, na ulipogundua kwamba mkuu wa polisi wa wilaya amewahamisha kwa siri, ukageukia mitaa ya Weusi, ukachoma nyumba na maduka. Scott Burton, kinyozi, na William Donnegan, mzee fundi viatu, waliuawa bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Kwamba hayo yalitendeka katika mji wa Lincoln mwenyewe kuliwashtua watu wengi nchini, na mwaka uliofuata, tarehe 12 Februari, siku Lincoln angetimiza miaka 100, chama cha NAACP kikaanzishwa kutetea haki za Weusi. Kwa maoni yangu, anayeliona kaburi akapaacha hapo ameisoma nusu tu ya historia ya Springfield.

Mpwa: Mama Mkubwa, je, kuna kitu cha kuona, au ni uwanja mtupu?

Mama Mkubwa: Mwaka 2014, kazi za njia ya reli zilipokuwa zikiendelea, wanaakiolojia walifukua misingi ya nyumba tano zilizochomwa siku zile. Agosti 2024 Rais Biden alipatangaza kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa.

Mjomba: Dada, umenishawishi, na mke wangu amekubali pia. Tutaanzia huko, kisha twende makaburi ya Oak Ridge, walikozikwa Lincoln, mkewe Mary na wana wao watatu kati ya wanne. Nimewaeleza watoto kwamba mwaka 1876 wezi walijaribu kuuiba mwili wake ili wadai fidia, na kwamba kwa sababu hiyo jeneza lilifunikwa kwa zege chini ya ardhi mwaka 1901. Sasa wananiuliza wezi walikamatwaje.

Babu: Waeleze mkiwa garini, mwanangu, na jioni mtuandikie mtakapofika St. Louis salama.