Naomba ushauri: madini ya risasi kwenye damu ya mtoto

Asalam aleikum wapendwa. Tunakaa Mikindani. Mwanangu wa miaka 4 amepimwa damu ya kidoleni, akakutwa na madini ya risasi mikrogramu 11 kwa desilita. WHO wanasema ikifika 5 chanzo kitafutwe. Sisi chanzo twakijua: mjombake huyeyusha plati za betri kuukuu nyuma ya nyumba, amwage chubwi za kuvulia, na mtoto achezea mchanga uleule. Kwa yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, ungedhani Mombasa nzima tumeshajua!

Sufuria imeshaondolewa, na sakafu twapiga deki, hatufagii vumbi. Dawa za kutoa risasi daktari amekataa, asema ni kuanzia 45. Ila damu yake ina upungufu wa madini ya chuma, hali inayofanya risasi ifyonzwe zaidi, kwa hiyo ameanzishiwa dawa ya chuma.

Sasa wenye ujuzi: kidole huenda kilikuwa na vumbi, je, nirudie kwa damu ya mshipa sasa hivi au ningoje mwezi upite? Na mimi ni mjamzito, risasi ya zamani hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni. Nidai kipimo hicho kliniki?